Noti za Mjapani kwenye sanduku la babu: zinalipwa au hazilipwi?

*"Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya (askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki), alipelekwa Burma (yeye alikuwa anaita Bama), akarudi salama, akafariki 1991. Juzi tumemaliza arobaini ya bibi, katika kugawana vitu tukakuta kwenye sanduku la bati, chini kabisa, noti 37 zimefungwa kwenye kitambaa cha kaki. Zina maandishi ya Kiingereza ya Serikali ya Japani. Mbili ni za rupia 100, 21 za rupia 10, 11 za rupia 5 na tatu ni za senti. Hazina namba kama noti za kawaida, zina herufi mbili tu zinazoanza na B. Baadhi zinasema serikali inaahidi kumlipa mwenye noti. Moja ya rupia 10 nyuma ina maandishi ya penseli, 'Kalewa 12/44', na majina matatu, la babu likiwemo. Sasa kuna bwana kaletwa na shemeji, anasema Benki Kuu ya Japani inazilipa mpaka mwisho wa mwezi ujao, dola 80 kwa kila rupia, anataka laki tatu na nusu ya kufungua faili na noti aende nazo. Ndugu wamegawanyika. Baba mdogo yeye anasema tuzichome, eti babu atakuwa aliwapekua maiti. Tufanyeje?"*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba wa bibi.

Nianze na la haraka kabla sijaingia kwenye stori, maana najijua, nikishika historia siachii, na huku nyuma mtu anaweza akawa ameshatuma hela. Huyo bwana msimpe laki tatu na nusu, na msimpe hata noti moja aondoke nayo, hata kama ameletwa na shemeji, hata kama ana barua yenye mhuri na picha ya mlima Fuji. Hakuna dirisha lililofunguliwa Tokyo. Noti hizi Japani hailipi, Uingereza hailipi, na Burma yenyewe ambayo siku hizi ni Myanmar nayo hailipi. Hesabu yake nimeipiga, rupia 465 mara dola 80 ni dola 37,200 ukiacha zile senti, na naelewa kabisa kwa nini ndugu wamegawanyika, hela hiyo inajenga nyumba. Ila haipo.

Sasa tukae tuongee taratibu. Wengi wanaonitumia picha za noti za zamani wana wazo moja kichwani, kwamba pesa ni kama shamba, ukiiacha miaka themanini inapanda tu. Halafu ikiwa na jina la nchi tajiri ndio kabisa, utasikia Wajapani ni watu waaminifu, hawawezi kukana deni lao. Matapeli wanapita hapo hapo, ni watoto wa wale wale wa mali za Mjerumani zilizofukiwa mlimani. Noti sio shamba jamani. Noti ni karatasi ambayo kuna mtu amesimama nyuma yake anasema ilete nitaipokea, na siku mtu huyo akifukuzwa, karatasi inabaki karatasi. Za kwenu zilikosa mtu wa nyuma mwaka 1945, babu akiwa bado kijana.

Burma kabla ya vita ilikuwa ya Mwingereza na pesa yake ilikuwa rupia, ndugu wa rupia ya India. Hata huku kwetu rupia sio neno geni, Mjerumani alilipa kwa rupia na Mwingereza upande wa Kenya alikuwa na yake mpaka shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa hiyo babu alipofika kule akakuta watu wanahesabu kwa rupia nadhani hakushangaa, wazazi wake walishazishika. Mjapani akaivamia Burma, na tarehe 8 Machi 1942 mji mkuu Rangoon ukawa mikononi mwake.

Hebu jifanye wewe ndio jeshi lililoteka nchi ya watu. Una maelfu ya askari wanaotaka kula kesho asubuhi, unataka mchele, unataka ng'ombe wa mikokoteni, unataka vibarua wa barabara na reli. Unaweza ukachukua kwa bunduki, lakini hiyo inafanya kazi msimu mmoja tu, msimu wa pili mkulima analima cha kula yeye na kinachobaki anakifukia. Unaweza ukalipa kwa pesa ya kwenu, yaani yen, ila hizo yen kesho zitarudi nyumbani kudai bidhaa, na nyumbani kwako kwenyewe bidhaa hakuna kwa sababu viwanda vyote vinatengeneza mabomu, basi bei zinapanda mpaka kwa mama yako mzazi. Njia ya tatu ndiyo mliyoikuta kwenye kitambaa cha kaki. Unachapa noti mpya zenye jina la pesa ya pale pale, unatangaza kwamba ni sawasawa moja kwa moja na ile waliyoizoea, na atakayeikataa atakutana na Kempeitai, polisi wa jeshi la Mjapani, ambao hakuna aliyetaka kukutana nao.

Na Mjapani hakungoja kuteka ndio achape. Noti zilikuwa tayari kabla askari hawajashuka, zimepangwa kwa kila nchi. Rupia kwa Burma, dola kwa Malaya (leo ni sehemu ya Malaysia) na Singapore, peso kwa Ufilipino, gulden kwa visiwa vya Mholanzi ambavyo leo ni Indonesia, na pauni na shilingi kwa visiwa vya Pasifiki. Ile herufi ya kwanza uliyoiona ndio inakwambia noti ilipangiwa wapi. B ni Burma, M Malaya, P Ufilipino, S visiwa vya Mholanzi, O Pasifiki. Herufi ya pili ni fungu la uchapaji tu. Mwaka 1942 huo huo wakaunda benki maalumu ya kuendesha mambo ya fedha ya nchi za kusini walizoteka, kwa hiyo kwenye karatasi mambo yalionekana ya kibenki kabisa, kuna mhuri mwekundu wa Waziri wa Fedha, kuna maandishi ya Kijapani ya serikali ya kifalme, mtu akiishika anaona pesa.

Turudi kwenye ile uliyoitaja kama kitu kidogo, kwamba hazina namba. Hapo umegusa penyewe. Toa noti yoyote mfukoni sasa hivi uiangalie, ina namba yake peke yake, hakuna nyingine yenye namba hiyo, na namba hizo ndio daftari la benki, zinasema nimetoa ngapi na nadaiwa ngapi. Noti zenu zina BA na zingine za namna hiyo, na BA moja inafanana na BA nyingine laki nzima. Zile dola za mwanzo mwanzo za Malaya zilikuwa na namba, baadaye wakaacha. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na huyu hakuwa na nia ya kuweka daftari maana hakuwa na nia ya kulipa, unahesabu deni unalotaka kulilipa. Ilikuwa rahisi mno hata kuziiga, Wamarekani wenyewe walichapa peso bandia za Mjapani wakazitumia Ufilipino.

Mimi ninayo ya Malaya ya dola 10, niliinunua kwa bei ya chai na maandazi. Upande wa mbele kuna mgomba, mgomba kabisa na mkungu wake unaning'inia, ungeiona ungesema ni ya Bukoba. Watu wa Malaya na Singapore mpaka leo wanaziita pesa za ndizi, na hawaziiti hivyo kwa mapenzi. Ukiiweka kwenye mwanga wa dirisha karatasi ni laini, wino umekaa vizuri, kazi nzuri tu. Lakini ukiilinganisha na zilizochapwa baadaye, vita ilipowageukia, utaona karatasi imechoka, rangi imefifia, unajua kabisa hapa mtu alikuwa anachapa kwa haraka.

Kuhusu yale maneno ya kuahidi kumlipa mwenye noti, najua ndiyo yanayowapa ndugu zako moyo, maana sisi tumelelewa na ahadi ni deni. Kuna sheria ya vita, makubaliano ya The Hague ya 1907, inasema jeshi linalokalia nchi likichukua vitu vya raia lilipe taslimu, na kama haliwezi basi litoe risiti na deni lilipwe haraka iwezekanavyo. Noti hizi zilikuwa ujanja wa kuikwepa sheria hiyo. Mkulima kachukuliwa gunia lake, kapewa karatasi, kwa macho kalipwa taslimu, kwa hiyo hadai tena. Ukweli ni kwamba kapewa risiti isiyo na deni. Na hata baada ya Burma kupewa uhuru wa jina chini ya Ba Maw tarehe 1 Agosti 1943, noti iliyozunguka sokoni iliendelea kuwa ya Serikali ya Japani.

Matokeo yake unayajua hata bila kusoma uchumi. Mchele haukuongezeka, nguo hazikuingia kabisa kwa sababu meli zilikuwa zinazamishwa, noti tu ndio zinaongezeka kila mwezi. Bei zikapanda mpaka zikachapwa noti kubwa kubwa, na zile mbili zenu za rupia 100 ni za wakati huo, 1944, mwanzoni ya juu ilikuwa ya rupia 10. Wafilipino waliziita pesa za Mickey Mouse. Mwenye pesa za zamani za Mwingereza alizificha, mwenye noti za Mjapani alikimbia kuzitumia kabla jua halijazama.

Waingereza waliporudi hawakuzungusha maneno. Walisema noti za Mjapani sio pesa, basi. Wakaleta rupia za India zilizogongwa juu yake kwa wino mwekundu kwamba ni za Utawala wa Kijeshi wa Burma na ni halali Burma tu, nazo hizo ni pesa za kijeshi vile vile, tofauti ni kwamba aliyesimama nyuma yake alikuwa ndiye anayeshinda. Rangoon iliporudishwa Mei 1945 noti za Mjapani zilikuwa zimetapakaa barabarani kama majani ya mwembe, picha za wakati huo zipo, watu wanazikanyaga wanaenda zao. Inachekesha ukiitazama leo, ila fikiria mama muuza samaki aliyeuza miaka mitatu akaweka akiba kwenye mtungi. Akiba yote ndio ile iko chini inakanyagwa. Na aliyekuwa na deni la kabla ya vita akalilipa kwa noti hizi je, amelipa au hajalipa? Malaya ilibidi watunge sheria mwaka 1948 ya kupima madeni ya namna hiyo, yenye jedwali la kupunguza thamani kadiri tarehe ya malipo inavyosogelea mwisho wa vita. Mawakili walikula.

Mtu ataniuliza mbona pesa ya jeshi la Mwingereza haikufa. Swali zuri, na linawahusu Keya hao hao. Mwaka 1941 askari wetu walipoingia Mogadishu mwezi wa Februari na Addis Ababa mwezi wa Aprili, waliingia na shilingi ya Afrika Mashariki, hii hii iliyokuwa inanunua sukari Tanga na Kisumu. Somalia waliitumia mpaka 1950 ilipoingia somalo, shilingi moja kwa somalo moja. Ethiopia walipotoa pesa yao mpya mwaka 1945, shilingi mbili zilihesabiwa dola moja ya Ethiopia. Hakuna aliyeambiwa kachome. Shilingi ilikuwa na bodi yake ya sarafu, ilikuwa na namba, na ilikuwa inakubalika Kenya, Uganda na Tanganyika. Sisemi Mwingereza alikuwa mtu mwema, alikuwa mkoloni naye, ila pesa aliyoingia nayo ilikuwa pesa hata nyumbani kwake. Rupia za Mjapani hata Japani kwenyewe hungenunulia kiberiti.

Sasa kuna kitu kinachofanya uongo wa huyo bwana unukie kama kweli. Ni kwamba watu wamewahi kudai. Ufilipino mwaka 1953 kilianzishwa chama cha wenye noti za Kijapani, JAPWANCAP, wakakusanya noti za wanachama wakazigonga mhuri wa chama, wakaifikisha serikali ya Marekani mahakamani na mwaka 1967 wakashindwa. Ukionyeshwa picha ya noti yenye mhuri wa zambarau eti ni uthibitisho kwamba zinalipwa, ujue ni mhuri wa watu ambao hawakulipwa. Hong Kong nao walikuwa na yen za kijeshi, wakafungua kesi Tokyo mwaka 1993, tarehe 17 Juni 1999 mahakama ikakataa madai yao. Na hawa walikuwa wahanga wenyewe, wazee waliobadilishiwa pesa zao nzuri kwa nguvu, sio wajukuu wa askari aliyeziokota.

Juu ya hapo kuna mkataba wa amani wa San Francisco wa 1951. Mataifa yaliyousaini yaliachia madai yao ya vita kwa Japani, ukiacha yale machache mkataba wenyewe uliyoyataja, na Uingereza ilisaini, na wakati huo Tanganyika na Kenya na Uganda tulikuwa chini yake, hakuna aliyetuuliza. Burma haikusaini huo, yenyewe ilikubaliana na Japani peke yake Novemba 1954, fidia ya dola milioni 200 kwa miaka kumi, lakini fidia hiyo ilikuwa ya serikali kwa serikali, kwa bidhaa na huduma, haikuwa ya kupokea noti dirishani. Kwa hiyo mlango wa kwanza umefungwa, wa pili umefungwa, na ufunguo alionao huyo bwana ni laki tatu na nusu zenu.

Haya, zina thamani gani basi? Sokoni kwa wakusanyaji, noti za kawaida za Burma za rupia 5 na 10 ni rahisi mno, zilichapwa nyingi kupita kiasi na askari wa mataifa yote walirudi nazo kwa mafungu. Kama haijakunjwa kabisa unaweza ukapata dola chache, iliyokunjwa na kuchafuka unaweza usipate hata moja. Zinazotafutwa ni zile za sampuli zilizogongwa kwa Kijapani kwamba ni za mfano, zenye kosa la uchapaji, au zile za namba nilizosema za Malaya. Zenu kwa maelezo yako ni za kawaida. Ukiuza zote 37 labda mtapata hela ya mchele wa kisomo, na katika kuuza mtagombana kuliko hela yenyewe. Na jihadharini na upande wa pili wa biashara pia. Mimi miaka ya nyuma niliuziwa fungu la noti kumi za Malaya na jamaa mmoja sokoni, nikarudi nazo nyumbani nacheka, usiku nikiziangalia na miwani nikaona zote kumi zina doa moja la chai kwenye kona ile ile, ukubwa ule ule. Doa lilikuwa limechapwa. Za kwenu sina wasiwasi nazo, hakuna mtu aliyeenda kuwawekea noti bandia chini ya sanduku la bibi, ila mtu akizichukua "kuzipima" anaweza akawarudishia zingine na hamtajua.

Ila kuna moja sijaihesabu humo. Ile yenye penseli. Mkusanyaji wa noti atakwambia imeharibiwa, atashusha bei, na kwa biashara yake yuko sahihi. Mimi nilipofika kwenye sentensi hiyo ya barua yako niliweka simu chini kwanza.

Kalewa ni mji mdogo kando ya mto Chindwin. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa nembo ya kichwa cha kifaru, ndani yake Watanganyika, Wakenya, Waganda na Wanyasa (watu wa Malawi ya leo), walishushwa na bonde la Kabaw kati ya katikati na mwisho wa 1944, msimu wa mvua zile za kule ambazo hazikatiki, wanamfukuza Mjapani kwenye tope la magotini, na kilichowaangusha wengi hata kabla ya risasi ni malaria na homa ya typhus. Walifika Kalewa tarehe 2 Desemba 1944. Siku chache baadaye mainjinia wakaweka daraja la chuma juu ya Chindwin, urefu wake kama mita 350, magari na vifaru vikavuka, na divisheni ikarudishwa nyuma ikapumzike. Sasa soma tena penseli ya babu, 12/44. Hao ni vijana watatu waliofika mtoni wazima, wamepata siku mbili tatu za kukaa, mmoja ana noti ambayo haimnunulii kitu kwa sababu wao wenyewe walikuwa wanatumia rupia za India, na mwingine ana penseli. Kuandikiana majina kwenye noti ilikuwa kawaida ya askari wa vita ile, hata Wamarekani na Waingereza walifanya.

Hapo ndio namjibu baba mdogo, kwa heshima zote, maana naelewa anachoogopa na sio ujinga. Keya hakuhitaji kupekua maiti ili apate noti hizi. Mjapani alipokuwa anakimbia aliacha magari, masanduku ya vifaa na pesa za kulipia vibarua, na raia nao walikuwa wanazitoa kwa ndizi mbili au sigara kwa sababu wanajua kesho hazina kazi. Kuna walioziokota kwenye mahandaki, hilo siwezi kulipamba, vita ni vita. Lakini mtu mwenye aibu ya kitu hakifungi kwenye kitambaa cha sare yake akakiweka miaka arobaini na kitu, na bibi naye akakitunza mpaka kufa kwake. Kuzichoma hakuna anayemtakasa. Kama moyo wake hautulii mwacheni aombe dua, hiyo ni haki yake, noti zibaki.

Nikiwa mimi ni nyie, ya penseli isigawanywe na isiuzwe, ikae kwa mmoja mnayemwamini na kila tawi la ukoo lipige picha pande zote mbili. Zile zingine mkitaka kila mjukuu achukue moja ya kumbukumbu, sawa kabisa, hazitapanda bei kwa kukaa pamoja. Msizipeleke kulamineti, nawaomba sana, joto la ile mashine linaziua na plastiki haitoki tena. Wala sellotape. Wekeni katikati ya karatasi nyeupe kavu, ndani ya bahasha, mbali na jiko na mbali na sanduku lenye dawa za nondo. Kama zina ukungu au zimegandana msizibandue wenyewe, zipelekeni kwa mhifadhi wa makumbusho au wa nyaraka mkiwa nazo mkononi, mkae naye pale pale akiziangalia. Mkiamua kuuza zile za kawaida, uzeni kwa mtu mnayemwona uso kwa uso na anayewalipa nyie, sio nyie mnamlipa yeye, hicho ndio kipimo changu cha miaka yote. Na kama kuna ndugu ameshatuma hata elfu hamsini kwa huyo bwana, msione haya, nendeni polisi na meseji zote na namba aliyopokelea hela, mapema, kabla line haijazimwa.

Halafu yale majina mawili mengine. Nisomee herufi kwa herufi, hata zilizofutika, angalia noti kwa mwanga wa pembeni wa tochi, penseli inaacha mfereji kwenye karatasi hata risasi yake ikiwa imetoka. Waulize wazee waliobaki kijijini kama babu alikuwa anamtaja rafiki yeyote wa Bama, mara nyingi walikuwa wanaitana majina ya utani ya jeshini kwa hiyo uliza na hayo. Ukipata hata kabila la mmoja wao au wilaya aliyotoka tunaweza kuanza kutafuta, na kama kuna ambaye hakurudi, jina lake linaweza likawa kwenye kumbukumbu ya Taukkyan nje ya Rangoon, pale yameandikwa majina karibu 27,000 ya askari wasio na kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo.

Na kile kitambaa cha kaki msikifue.